Betri Nzima, Stata Nzima, Nyanya Zinaiva

Mfanyabiashara wa nyanya akipanda Fuso kutoka Ilula kwenda Dar, dua zake zote huzimalizia mlima Kitonga. Breki zishike, malori yanayopanda yakae upande wao, basi. Hakuna anayeiombea dua Ruaha Mbuyuni, maana pale ni kula tu na kununua vitunguu. Mimi siku hizi naiombea.

Kitonga tulishuka salama. Dereva akaegesha, akazima gari, akala wali kuku bila haraka, akarudi akichokonoa meno. Akageuza ufunguo. Tak. Akageuza tena. Tak.

"Betri hizo," utingo akasema.

"Betri," dereva akakubali.

Nilikuwa nimeketi kibini, na mbele yetu taa za gari zinamulika ukuta wa hoteli mchana kweupe. Honi nayo ilikuwa inalia mpaka mbwa wanaamka. Nikauliza, "Mwanangu, betri imekufa halafu taa inawaka hivi?"

Akanijibu kwa ile adabu inayouma. "Mama, stata ndiyo inayozungusha injini iwake, inakula moto mwingi wa betri. Taa inalamba tu. We pumzika."

Nikapumzika. Lakini jua la Ruaha Mbuyuni si jua la Ilula. Nyanya zangu zilipakiwa zikiwa na wekundu wa haya, sasa zilianza kupata ujasiri.

Mchaji betri akaja na betri zake kwenye toroli. Akanieleza kwamba gari hili ni la volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zimeungwa mfululizo, na moja ikichoka inamwangusha mwenzake. Akafunga zake. Tak. Akasema basi hata hizi zake leo zimelala, akachukua hela ya kukodisha, akasukuma toroli lake akaenda.

Hapo ndipo pua yangu ilipoanza kazi. Nilikuwa mama lishe miaka mingi kabla ya nyanya, najua kinachoungua kabla hakijaungua. "Kuna plastiki inaungua humu," nikasema.

"Breki za Kitonga hizo, mama."

Watu walishajaa. Mwenye duka la vipuri akasema ni swichi, na kwa bahati anayo moja dukani. Kondakta wa basi akasema fyuzi. Kijana wa bodaboda akasema pikipiki yake ilifanya hivyohivyo ikawa plagi. Akaambiwa dizeli haina plagi. Akasema si ndiyo tatizo lenyewe hilo! Bibi mmoja alinivuta pembeni akaniuliza kama nyanya sikuzinunua kwa mtu mwenye kinyongo. Huyo angalau hakuwa na cha kuniuzia.

Kisha akaja fundi stata. Kichwa cha Fuso kikainuliwa, nikashushwa mimi na pochi yangu, na stata ikatolewa ikalazwa chini. Akaiunga moja kwa moja kwenye betri. Ikaruka vumbini kama jogoo aliyekatwa kichwa, watoto wakakimbia.

"Nzima," fundi akasema kwa huzuni, na kaboni za ndani yake akazibadilisha hivyohivyo. Akavua shati, akalitundika nyuma ya gari, akaingia uvunguni kuirudisha. Kichwa kikashushwa, nikapanda. Tak. Na ile harufu.

"Chini inazunguka, juu haizunguki," dereva akasema, sauti imeanza kupungua.

"Labda inaogopa urefu," kondakta akasema.

Wakajaribu kusukuma. Pale ni tambarare na gari limeshiba mzigo. Vijana waliinama, wakahesabu moja mbili tatu, na nguvu yote ikaishia kwenye kuhesabu.

Jua linaelekea kuchwa ndipo akaja mzee mmoja wa makamo kwa baiskeli, mita yake ya kupimia umeme ndani ya kimfuko cha kitambaa. Hakugusa kitu. Aliuliza tu, "Nani alilala chini ya gari hili mara ya mwisho?"

Dereva akajikuna. "Jana Ilula tulishusha giaboksi. Tulibadilisha klachi."

"Na asubuhi liliwaka kwa ufunguo?"

Dereva akaangalia mlima. "Tulilishtua kwenye mteremko."

Haya! Mimi asubuhi nilidhani tunasukumwa na haraka ya soko.

Mzee akanigeukia. "Na wewe dada, umeona nini?" Dada! Mpaka hapo nilikuwa mama wa kupumzishwa. Nikamwambia kuhusu harufu. Akauliza inakuja lini. Kila wakipiga stata, nikamwambia. Taa je, zinafifia wakipiga? Hazififii hata kidogo. Akatabasamu, akamtuma utingo ashike kebo ya mafuta, ile ya chuma inayotoka kwenye pedeli kwenda kwenye injini. Utingo akashika. Mlio wake ulifika Iringa.

Mzee akatueleza. Betri upande wa hasi imefungwa kwenye chesisi. Injini imekaa juu ya vipande vya mpira visivyopitisha moto, kwa hiyo moto ukishafika kwenye stata unahitaji njia ya kurudia, na njia hiyo ni mkanda wa ethi unaounga injini na chesisi. Mkanda usipokuwepo, moto wote unajibana kurudi kupitia kebo ya mafuta. Kebo inachemka, plastiki yake inayeyuka, stata inapata cha kufanya tak tu. Taa zina ethi yake kwenye chesisi, ndiyo maana hazikujua kama kuna msiba.

Akaweka mita kwenye betri, ikasoma 25. Akaihamishia kati ya hasi ya betri na injini, akaamuru ufunguo ugeuzwe. Pale panatakiwa pasifike hata nusu volti. Ilipita 10. Basi akachukua waya mnene, ncha moja kwenye hasi, ncha nyingine kwenye injini. "Piga." Fuso ikanguruma mara moja, kijiji kizima kikashangilia, na fundi stata akashangilia kuliko wote kana kwamba ni zile kaboni.

"Sasa huo mkanda uko wapi?" mzee akauliza. "Nyuzi za shaba zilizosukwa, tundu huku na tundu huku."

Utingo akawa kimya. Kisha macho yake yakatembea polepole mpaka nyuma ya gari. Aliuokota uvunguni kule Ilula, akaona umezidi, na komeo la mlango wa bodi lilikuwa limekatika. Akafungia. Shati la fundi stata lilikuwa linaning'inia juu yake.

Kijana alitaka kujisafisha haraka. Akakimbia, akatupa shati, akafungua mkanda. Hakuna aliyewahi kusema subiri.

Mlango ukaanguka, na matenga ya mstari wa nyuma yakamfuata. Nyanya zikabingirika barabarani, zikaingia chini ya meza za vitunguu. Wauza vitunguu wakanipa pole kwa huruma kubwa, huku pindo za kanga zao zinajaa. Usiku ule Ruaha Mbuyuni nzima ilikula kachumbari.

Mkanda ukarudi mahali pake. Mzee akapokea hela ndogo ambayo niliona aibu kuitoa. Mlango wa bodi ukabaki hauna cha kuufunga, nikavua kanga yangu ya juu nikawapa. Tukaondoka, na dereva akaapa hazimi gari mpaka sokoni, hata mzee alipomwambia limepona. Mikumi hakuzima, kwenye mizani hakuzima, Morogoro alikunywa chai huku linanguruma.

Alfajiri tukaingia Ilala. Dalali akazunguka nyuma ya gari, akaona matone mekundu yanadondoka kwenye lami, akamulika tochi kwenye kanga yangu. Imeandikwa WEMA HAUOZI. Akaisoma, akavuta pumzi, akazima tochi.

"Sawa mama, wema hauozi," akasema. "Tuzungumze bei ya nyanya."