Ngoma tuliyowaachia wengine watuchezee

Nimeishi Scotland kwa miaka 11 sasa, na kila ninaporudi Magu huulizwa swali lile lile: hivi Wazungu nao wana ngoma zao? Anayeuliza huwa ameshajijibu moyoni, kwa sababu kwetu inaaminika kwamba watu wa nchi za baridi wana muziki wa redioni na wa kumbi kubwa, lakini ngoma ya jirani na jirani waliizika zamani. Nami nilifika Glasgow na imani hiyo, nikiwa na majivuno ya mtoto wa Usukuma aliyekua akisikia ngoma tangu pamba inapoanza kuvunwa. Leo naona kwamba katika jambo hili moja wenzetu wametupita, tena si kwa utajiri.

Nililigundua hilo katika harusi ya mfanyakazi mwenzangu, mwaka wa kwanza. Baada ya chakula, meza zilisogezwa ukutani, na wanamuziki watatu wakapanda jukwaani: mmoja na akodiani, mmoja na fidla, mmoja na ngoma za kizungu. Nilivuta kiti nikakaa vizuri, nikisubiri kikundi cha wachezaji kiingie. Hakikuingia. Walioingia uwanjani walikuwa bibi harusi, wajomba zake, watoto wa miaka sita, mhasibu wa ofisi yetu ambaye sikuwahi kumwona akitabasamu, na mama mmoja mzee aliyenishika mkono bila kuniuliza kama najua kucheza. Nilimwambia sijui. Alinijibu kwamba hakuna anayejua, ndiyo maana yupo yule mwenye kipaza sauti.

Huyo mwenye kipaza sauti ndiye mhusika mkuu wa makala haya. Kwa Kiswahili nitamwita mwita hatua. Kabla ya kila ngoma huwapanga watu, huwatembeza katika hatua polepole bila muziki kwa dakika mbili au tatu, kisha muziki unaanza na yeye anaendelea kuita kinachofuata mpaka miguu ya watu iwe imeshika. Shughuli yenyewe huandikwa ceilidh na kutamkwa keli, neno la Kigaeli ambalo hapo kale lilimaanisha kutembeleana tu, majirani wakikutana katika nyumba ya mmoja wao kusimulia hadithi na kuimba. Siku hizi limekuwa jina la usiku wa kucheza.

Ngoma zao zimesukwa kwa akili ambayo sikuitarajia. Katika ile iitwayo Dashing White Sergeant, watu watatu husimama wakikabiliana na watatu wengine, ukumbi mzima ukiwa duara moja kubwa la makundi ya namna hiyo. Huzunguka wakiwa wameshikana mikono, hugeuzana, hupita katikati ya wenzao kwa umbo la namba nane, kisha makundi mawili hupishana na kila moja likakutana na watatu wapya. Ikichezwa mizunguko ya kutosha, umeshamshika mkono karibu nusu ya ukumbi. Kule Strip the Willow mchezaji huzungushwa na mwenzi wake, akapokelewa na mtu wa mstari wa pili, akarudishwa kwa mwenzi, akapokelewa na anayefuata, hivyo hivyo mpaka mwisho wa mstari, na nimewaona vijana wa mazoezi wakitoka humo wakihema kama wamekimbizwa na nyati. Hatua za miguu ni nyepesi, karibu kutembea na kurukaruka. Ugumu uko katika kujua unaelekea kwa nani, na hapo anayekosea husukumwa na wenzake kwa upole mpaka mahali pake. Nilikosea usiku mzima, wala hakuna aliyenitaka nikae.

Hali hii haikujitokeza yenyewe, wala Waskoti hawakuwa wapenda ngoma siku zote bila kipingamizi. Wahubiri wao wa Kiprotestanti waliwahi kukemea uchezaji wa wanaume kwa wanawake kama walivyokemea ulevi, na baadhi yetu tunayajua mahubiri ya namna hiyo kwa sauti za baba zetu. Mwaka 1923 wanawake wawili, Jean Milligan na Ysobel Stewart, waliona kwamba ngoma za mashambani zinapotea, wakaanzisha mjini Glasgow chama ambacho leo huitwa Royal Scottish Country Dance Society, kikakusanya hatua na kuzichapisha katika vitabu. Wapo wanaokilaumu kwa kuzinyoosha mno, hatua zikawa za darasani kuliko za ghalani, na lawama hiyo naona ina uzito. Kilichonigusa zaidi lakini ni jambo la kawaida kabisa: katika shule nyingi, majuma machache kabla ya Krismasi, kipindi cha mazoezi ya viungo hugeuzwa kuwa kipindi cha ngoma hizi. Wavulana wa miaka 13 hulazimika kushika mikono ya wasichana wa darasa lao na kufa kwa aibu. Hulalamika sana. Wakifika miaka 30 wakaalikwa harusini, miguu inakumbuka.

Sasa nirudi kwetu. Sisemi kwamba Usukuma hakuna ngoma, maana huo ungekuwa uongo wa aibu. Tuna mbina za kila namna, kuanzia bugobogobo, iliyotoka shambani, ambako majembe yalipanda na kushuka pamoja kwa mdundo wa ngoma kubwa, hadi ngoma ya nyoka ambayo watalii huikimbilia na kamera. Tuna Bagika na Bagalu, pande mbili za wachezaji ambazo mapokeo yanazirudisha kwa mahasimu wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha. Na ni katika mashindano ya pande hizo ndipo nilipojifunza, nikiwa mtoto, maana ya kuwa mtazamaji. Makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake wa uwanja, na hakuna meza ya majaji. Watu huenda kwenye utamu. Upande ukipoa, umati unahama, na mwisho wa siku mwenye umati mkubwa ndiye mshindi, jambo lililofanya viongozi wa ngoma kutafuta kila ujanja, pamoja na dawa za kuvuta watu ambazo Wasukuma huziita samba. Kusimama mahali fulani kulikuwa ni kupiga kura. Mtazamaji wa aina hiyo alikuwa na kazi, na miguu yake ilitazamwa na manju wa kila upande kwa hofu.

Nimlinganishe na mtazamaji wa harusi ya binamu yangu jijini Mwanza, miaka mitatu iliyopita. Kikundi cha ngoma kilikodiwa, kikapewa nafasi kati ya keki na zawadi, kikaingia na mavazi yanayofanana yaliyoshonwa kwa ajili ya mapokezi ya wageni rasmi. Walicheza vizuri sana. Sisi tulikaa kwenye viti vilivyovishwa vitambaa, tukapiga makofi. Shangazi yangu, dada wa marehemu baba, mwanamke wa zaidi ya miaka 70 ambaye aliimba nyimbo zile kabla ya wale vijana kuzaliwa, aliinuka na kuanza kuitikia kiitikio huku akisogea mbele. Mshereheshaji akasema katika kipaza sauti, kwa heshima zote, “Bibi, naomba ukae kidogo, tupishe kamera.” Watu wakacheka. Shangazi akakaa. Baada ya dakika 15 kikundi kikatoka, muziki wa spika ukarudi, na hapo ndipo wageni walipoinuka kucheza, kila mtu mahali pake, akitazamana na simu yake.

Nimelifikiria tukio lile mara nyingi kuliko linavyostahili, pengine. Sidhani kwamba mshereheshaji alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anafuata fikra ambayo sote tumeilea, kwamba ngoma ni kitu cha kuonyeshwa. Mwalimu Nyerere, katika hotuba yake ya siku ya Jamhuri, tarehe 10 Desemba 1962, alipotangaza wizara ya utamaduni wa taifa, alilalamika kwamba wengi tunajua rumba na chachacha na twisti, akauliza ni wangapi wanaojua kucheza gombe sugu, kiduo au lelemama. Lilikuwa swali la haki, na lilielekezwa kwa raia wa kawaida: wewe, unajua kucheza? Lakini majibu tuliyolipa yalikuwa ni kuunda kikundi cha ngoma cha taifa, na baadaye, mwaka 1981, Chuo cha Sanaa cha Bagamoyo. Nakiheshimu chuo hicho, kwa kuwa kimetoa wasanii waliotufahamisha duniani. Ila aliyeuliza kama tunajua kucheza tulimjibu kwa kumtafutia watu wa kutuchezea. Hata shuleni, watoto wachache wenye viuno vyepesi huchaguliwa kwenda mashindanoni na wengine 700 wanabaki paredi wakiwatazama wakifanya mazoezi.

Nisije nikaonekana nimelewa baridi ya ugenini, niseme pia wanachokosa. Kwanza ni tiketi. Ukumbi una mlango, mlango una mlinzi, na saa sita usiku taa zinawashwa, watu wanashikana mikono iliyopishana kifuani, wanaimba wimbo wao wa kuagana na wanakwenda nyumbani. Kwetu ngoma ya mavuno huisha watu wakichoka, na mtoto asiye na senti huingia kama mwenye ng'ombe 100.

Pili, na hili ndilo linaloniuma, ngoma zao hazisemi kitu. Usiku mzima miguu inakwenda kwa ala tupu, na nyimbo zenye maneno wameziweka mahali pengine, kwa watu wengine. Manju wa kwetu hasimamishi watu kucheza bila habari. Ataimba aliyekula fedha za chama cha msingi, ataimba bei ya pamba, atamfumba mume wa fulani kwa fumbo ambalo kijiji kizima kitalifumbua kabla jua halijazama. Bibi Titi Mohamed alikuwa kiongozi wa kuimba katika kikundi cha ngoma cha Bomba pale Dar es Salaam kabla ya kuingia TANU, na mwaka 1955 wanawake wa vikundi kama hivyo walikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiunga na chama, kwa sababu walikuwa tayari na viongozi, wanachama na mahali pa kusemea. Sijawahi kuona mseto wa hatua na maneno wa namna hiyo katika ukumbi wowote wa Glasgow, na nikiwaeleza marafiki zangu wa huku, wananitazama kwa wivu usiofichika.

Kwa hiyo ninachokitaka si kuleta akodiani Kisesa. Namtaka yule mwita hatua. Kwa kweli tunaye tayari, tena tunamlipa vizuri: ni mshereheshaji, mwenye kipaza sauti kutoka saa kumi na mbili jioni hadi saa sita, ambaye hutuagiza tusimame, tukae, tupige makofi matatu ya kilo na tufungue shampeni. Mtu anayeweza kuwapanga wageni 300 kwa foleni ya zawadi huku wakiserebuka, anashindwaje kuwafundisha kiitikio kimoja na hatua nne, wale wachezaji wa kukodiwa wakitawanywa katikati ya wageni badala ya kusimama mbele yao?

Mdogo wangu anaolewa Julai ijayo, nami nimeomba likizo. Nilimpigia simu mwenyekiti wa kamati nikaomba nusu saa ya bugobogobo kwa watu wote, pamoja na ruhusa ya kumketisha shangazi karibu na wapiga ngoma. Aliniambia ratiba imejaa, kamera zimekodiwa kwa saa, na wageni wengine watakuwa na viatu virefu. Tumebishana kwa majuma mawili. Kwa sasa amenipa dakika kumi, kabla ya chakula, na amesema viatu watavua wenyewe wakitaka.