Altrasaundi ya shingo inadharauliwa bure

Kuna dada kalsiamu yake ya damu iko juu, homoni ya parathairoidi nayo juu, mawe ya figo ameshatolewa mara mbili. Daktari anataka kumpasua shingo ila kwanza ipatikane picha ya kuonyesha uvimbe umekaa wapi, akamwandikia altrasaundi. Ndugu zake wakaja juu, eti hicho kipimo cha wajawazito, wanataka ile ya kuchomwa dawa ya mionzi, sestamibi. Mimi kazi yangu ni kushika probu, kile kifaa cha altrasaundi kinachopitishwa mwilini, kwahiyo mjue mapema naegemea wapi, lakini hebu tupime.

Hamna picha hata moja kati ya hizi inayokwambia kama unaumwa au huumwi, hilo damu imeshamaliza. Picha ni ya kumwelekeza mpasuaji aanzie wapi. Vitezi vya parathairoidi, vinavyokaa nyuma ya tezi ya thairoidi shingoni na kutoa hiyo homoni, kwa kawaida ni vinne, kila kimoja kama punje ya mchele, na kwa wagonjwa 80 mpaka 85 kati ya 100 kilichovimba ni kimoja tu, kwahiyo ukijua ni kipi unachana kidogo na unaacha vingine vilale.

Sasa namba. Mwaka 2012 kulitoka uchambuzi uliounganisha tafiti nyingi, altrasaundi ikaonyesha uvimbe kwa asilimia 76, sestamibi yenye SPECT (kamera inayozunguka mgonjwa) 79, na 4D CT (picha za CT zinazopigwa mara kadhaa dawa ikipita mshipani) 89 ingawa hiyo ya mwisho ilitegemea tafiti chache mno. Angalia hizo mbili za kwanza, 76 na 79. Watu watatu kati ya mia! Mtu anatolewa mkoani, analala kwa ndugu mjini, anasubiri foleni, kwa ajili ya hao watatu, na wala hawana uhakika, maana kipimo kinachokosea mara 21 kati ya 100 nacho kinakosea.

Na hiyo dawa yenyewe haikai kabatini. Teknetiamu, ndiyo yenye mionzi ndani ya sestamibi, inapungua nusu kila saa sita, ndio maana hospitali inanunua jenereta ya molibdenamu, inayogeuka taratibu kuwa teknetiamu, ikakamuliwa kila asubuhi kama ng'ombe, na molibdenamu nayo nusu yake inakwisha kwa saa 66 hivi. Inatengenezwa kwenye vinu vichache vya nyuklia duniani, kimojawapo SAFARI-1 kule Pelindaba, Afrika Kusini. Ndege ikichelewa siku tatu umelipia ng'ombe mzima umeletewa nusu. Probu yangu inataka umeme na jeli, basi.

Alafu kuna hili ambalo walioandika miongozo huko Ulaya na Marekani hawalipati sana: kwao kalsiamu inapimwa kwa mazoea kwenye vipimo vya kawaida vya damu, ugonjwa unakamatwa uvimbe ukiwa mdogo. Mahali ambapo kalsiamu haipimwi mpaka mtu afike na mawe ya figo au mfupa uliovunjika bila sababu, uvimbe mara nyingi umeshakuwa mkubwa. Mkubwa nauona, mweusi, wa mviringo, umejibana nyuma ya thairoidi na kamshipa kanaingia kwa juu. Kweli, mkubwa sestamibi pia inauona vizuri, sikatai, ila basi unailipia ya nini?

Upande wa pili nao una yake na sio madogo. Ile 76 ni wastani wa mikono iliyozoea. Mtu aliyefundishwa tumbo na mimba ukimpa shingo atapita juujuu, hataweka mto chini ya mabega, hatamwambia mgonjwa ameze mate ili uvimbe ulioshuka upande juu kidogo, ataandika kawaida. Pia altrasaundi haipenyi mfupa wala hewa, kilichojificha nyuma ya koo la hewa au kifuani siwezi kukiona hata nikesha. Nahodha mmoja wa meli Mmarekani, Charles Martell, alipasuliwa mara sita bure, ya saba mwaka 1932 ndio uvimbe ukakutwa kifuani, akafa wiki chache baadaye. Huyo probu isingemsaidia, sestamibi ingeweza kumsaidia. Aliyewahi kupasuliwa shingo na ugonjwa ukarudi naye asipasuliwe kwa altrasaundi peke yake, atafutiwe picha mbili zinazokubaliana. Goita ndio inatuchanganya wote, vinundu vya thairoidi vinanidanganya mimi na vinavuta sestamibi vilevile.

4D CT ni nzuri na mashine za CT sasa zipo nyingi, ila ina mionzi ya kutosha na dawa ya mshipani, na figo za hawa watu mara nyingi zimeshachoka. PET ya kolini, picha nyingine ya kuchomwa dawa ya mionzi, inazishinda zote, inapita asilimia 90, ila florini yake yenye mionzi inakwisha nusu kwa dakika 110 kwahiyo lazima itengenezwe jirani.

Kwahiyo dada aanze na altrasaundi ya mtu anayejua shingo. Isipoonyesha kitu aende sestamibi au CT, na hizo nazo zikirudi tupu bado apasuliwe na mpasuaji mzoefu, maana damu haijabadilika. Kinachoniudhi mimi ni ile fomu. Inakuja imeandikwa "shingo", neno moja, hamna kalsiamu, hamna homoni, natakiwa kubahatisha natafuta nini. Madaktari andikeni hizo namba mbili jamani, natafuta kitu chenye ukubwa wa maharage na nina dakika 20.