Mnaojenga Kigoma mkiwa majuu, jiko liacheni nje

Ndugu zangu wa Kigoma mlioko ughaibuni, naona ramani za nyumba mnazotumiana kwenye magrupu yetu. Nyumba ni nzuri, Mungu awape nguvu mzimalize. Lakini karibu zote zina kitu kimoja: jiko limewekwa ndani, limeungana na sebule bila ukuta, na dirisha lake ni kidogo la aluminiamu. Mmeliiga kwenye nyumba tunazopanga huku. Mimi naishi Leicester, Uingereza, napika chakula cha kwetu kila nikipata nafasi, na nasema wazi kuwa jiko la namna hiyo halifai kwa anayepika pilipili mbuzi na mawese.

Niwaeleze yaliyonikuta siku ya Idd. Mdogo wangu wa kike alikuja na wanawe, tukataka migebuka, wale samaki wa Ziwa Tanganyika, ya kukaanga na pilipili ya mawese kama anavyoipika mama Ujiji. Mawese tulipata duka la Mghana, pilipili mbuzi tukazipata kwa Wajamaika, na migebuka mikavu alitubebea mgeni aliyetoka nyumbani. Mnajua inavyopikwa. Mawese yanabandikwa mpaka wekundu upungue na ile harufu ya ubichi iondoke, kitunguu kinaingia, halafu pilipili zilizotwangwa na chumvi zinamwagwa mafuta yakiwa bado ya moto sana. Pale zinapogusa mafuta zinalia mara moja, povu linapanda mpaka ukingoni mwa sufuria, na harufu yenyewe ndiyo inayokurudisha nyumbani.

Hatukufika mbali. Mtoto mdogo alianza kukohoa, akafuata kaka yake, na mdogo wangu akashindwa kufumbua macho. Nikakimbilia dirisha. Madirisha ya fleti hizi yamefungwa kizuizi yasifunguke zaidi ya upana wa kiganja, ili mtoto asianguke. Nikawasha feni iliyo juu ya jiko, ile tunayodhani inatoa moshi nje. Nyingi za fleti hazitoi kitu nje. Zinavuta hewa, zinaipitisha kwenye chujio la mkaa, kisha zinairudisha humohumo sebuleni. Ndani ya muda mfupi king'ora cha moshi kikalia kwetu, kikafuata cha korido, na jengo zima likatoka nje kwenye manyunyu. Mzee wa ghorofa ya juu, mwenye pumu, alishuka ngazi akikohoa huku ameshika kifua, na mpaka leo nikikumbuka sura yake naumia. Zimamoto walikuja wakiwa na heshima zao zote, wakakagua, wakakuta sufuria na hakuna moto. Wiki iliyofuata ikaja barua ya wakala wa nyumba kuhusu "harufu kali".

Wala si sisi peke yetu. Oktoba 2007 mtaa mmoja wa Soho, London, ulifungwa na watu wakaondolewa kwa sababu hewa ilikuwa inawasha makoo na wengine walidhani ni kemikali ya hatari. Zimamoto waliovaa vifaa vya kupumulia walivunja mlango wakakuta chanzo chake: mgahawa wa Kitailandi ulikuwa ukikaanga sufuria kubwa ya pilipili kavu kwa ajili ya sosi yao ya pilipili. Mpishi alikuwa anafanya kazi yake ya siku zote.

Inawasha hivyo kwa sababu ya kapsaisini, kemikali iliyo ndani ya pilipili. Haiyeyuki vizuri kwenye maji, inayeyuka kwenye mafuta. Ndiyo maana anayewashwa mdomoni hapati nafuu kwa maji kama anavyopata kwa maziwa. Mafuta yakichemka yanapanda hewani kama vitone vidogo vilivyoibeba, vinaingia machoni na kooni, na kugusa zile neva zinazotambua joto kali, hivyo mwili unaamini unaungua. David Julius, mmoja wa walioshinda Nobel ya tiba mwaka 2021, aliitumia kapsaisini hiyohiyo kugundua jinsi neva hizo zinavyohisi joto. Dawa ya pilipili ya kunyunyizia watu machoni inatokana na jamii hiyo ya kemikali, na Uingereza raia haruhusiwi kuibeba. Sasa fikiria kuifungia sebuleni pamoja na watoto na bibi yao.

Ujiji mama anapikia kwenye banda la nyuma. Ukuta wake unaishia kabla ya kufika kwenye bati, kwa hiyo juu pako wazi pande zote. Anapotaka kumwaga pilipili anaziba pua kwa ncha ya khanga, anageuza uso upande wa mlango, anamwaga, anakoroga mara mbili, anarudi nyuma hatua moja. Upepo wa ziwani unafanya kazi iliyobaki. Jirani akipaliwa anapaza sauti kutoka uwanja wa pili, "Mama, leo unatumaliza!" na mama anajibu, "Lete sahani!" Sahani inaletwa kweli. Nimekulia hapo na sikuwahi kuona mtu akimchukia mwenzake kwa sababu ya pilipili yake. Leicester nina majirani wema, na yule mzee tunasalimiana vizuri, lakini njia yetu ya kuambiana jambo ni barua ya wakala. Kwangu hilo ni pengo, na fleti nzuri haijaliziba.

Sisemi kila kitu cha nyumbani ni kizuri. Vile ving'ora vinaokoa maisha, na natamani kila nyumba Kigoma iwe na kimoja. Na banda letu lina madhara yake: macho ya mama yamekuwa mekundu kwa miaka mingi ya kuni na mkaa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa hewa chafu ya majumbani iliua watu milioni 3.2 duniani mwaka 2020, na sehemu kubwa ya hewa hiyo inatoka kwenye moto wa kupikia. Ndiyo maana naunga mkono kwa moyo wote mkakati wa taifa uliozinduliwa 2024, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Mama zetu wanastahili gesi jana, siyo kesho.

Ila gesi inaondoa moshi wa mkaa tu. Mvuke wa pilipili unabaki palepale, haujali moto wa chini ni wa nini. Na gesi yenyewe ya mtungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inatulia sakafuni, na isipopata matundu ya chini ya kutokea inasubiri cheche. Kwa hiyo anayehamisha mapishi kutoka banda lenye hewa kwenda kwenye chumba kilichozibwa, akaongeza mtungi, amempa mama yake shida mpya badala ya ile ya zamani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anayepika haulizwi. Nyumba za namna hii nimeziona Mwanga na Katubuka, palepale Kigoma mjini. Mwanamume yuko Ulaya au Marekani, hajawahi kukaanga dagaa maishani mwake, anachagua kabati za jiko kwenye picha. Nyumba inaisha. Mama anahamia, anapika mara moja, nyumba nzima inakohoa, mapazia yananuka mawese wiki nzima. Anafunga lile jiko, linakuwa mahali pa kuhifadhia vikombe vya wageni, naye anarudi kwenye banda la zamani ambalo halikupata hata mfuko mmoja wa saruji katika fedha zote zilizotumwa. Linavuja na halina taa. Mvua za masika zikija, sombe, yaani kisamvu, inapikwa huku mtu ameshika mwavuli. Huyo ndiye mnayesema mmemjengea.

Wekeni jiko dogo la ndani la chai na uji, sina neno. Lakini jiko lenyewe la kupikia lijengwe nyuma ya nyumba, kwa tofali na saruji kama nyumba yenyewe. Liwe na tofali za matundu juu na chini, paa refu, taa, bomba la maji, sinki, na nafasi ya kinu. Mtungi wa gesi ukae nje ya ukuta kwenye kibanda chake. Na kabla fundi hajachimba msingi, mpigie simu mama, umuulize anasimama wapi anapopika na upepo unatoka wapi.

Sisi tumeshaanza. Mama amekubali gesi, amekataa meza ya marumaru, na amedai kinu kikae kivulini. Ubishi uliobaki ni wa mlango: fundi anataka uelekee nyumba kubwa ili ramani ipendeze, mama anataka uelekee uwanja wa jirani. Nimemwambia fundi afuate anavyotaka mama.