Kamati ya Mazishi Kwenye Projekta

Kabla muamini ile sauti inazunguka WhatsApp, mimi sikulia. Hilo lilikuwa jasho, na huyo rafiki yangu aliyeituma anajua.

Iko hivi. Miradi yote ya ofisi inakaa kwa Excel moja, imepangwa kwa idara, na hapo kila idara inaonekana safi juu ina mgonjwa wake mmoja tu amejificha katikati ya wazima. Sasa mimi nikaongeza kolamu yangu ya pembeni, nikaiita Hali, nikaificha. Makundi ni matatu: Ni Mzima, Iko ICU, Inasubiri Kamati ya Mazishi. (Msinihukumu, Boston Consulting Group, wale washauri wa biashara, tangu miaka ya 1970 wanaita biashara iliyo kwa soko lisilokua na yenye sehemu ndogo ya soko "mbwa", na watu wanawalipa.) Kumbe ukificha kolamu, pivoti, lile jedwali la Excel la kupanga na kujumlisha data upya, bado inaiona!

Jana mitingi Upper Hill, wafadhili wamekaa, bosi akasema lete hiyo mausi tuone mpangilio mwingine. Akaanza kushuka kwa listi ya kolamu za pivoti. Idara, akapita. Kaunti, akapita, nikapumua. Hali. Akasimama. "Ehe, tuone hali ya miradi." Nikasema bosi hiyo bado ni drafti, sauti ikatoka kama kuku ameshikwa shingo. Akaburuta. Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka, na mimi naomba stima ipotee, stima ambayo hupotea hata ukipiga pasi shati, siku hiyo wapi! Ikafunguka ukuta mzima. Bosi huwa anasoma kwa nguvu akitafuta miwani: "Inasubiri… kamati… ya…" Miwani ikapatikana. Wa kwanza kabisa hapo chini, mradi wake wa visima Kitui, ule yeye huita mtoto wangu. Na pivoti kwa uaminifu wake ikajumlisha bajeti: wafu ndio walikuwa na pesa nyingi kuliko wote.

Kimya. Halafu mama mmoja wa wafadhili akauliza kwa upole, "Na mweka hazina ni nani, tujue mchango tunatuma wapi?"

Basi watu wakacheka, bosi akacheka amechelewa, nikaitwa ofisini, nikatoka bado nina kazi. Wafadhili wanataka ripoti iwe inapangwa hivyo, kwa hali, ila majina yabadilishwe. Mwenye neno la heshima la mazishi anitumie, inatakiwa Jumatatu. Na wewe wa WhatsApp, mradi wako nishauhamisha ICU.