Kosa la Polaroid ID-2 halikuwa kwenye kitufe

Mwaka 1943, mtoto wa miaka mitatu alimuuliza baba yake kwa nini hawezi kuiona papo hapo picha aliyopigwa. Baba alikuwa Edwin Land, Mmarekani, na mwaka 1948 kamera yake ya kwanza ya Polaroid iliingia dukani Boston. Unapiga, unasubiri dakika moja hivi, picha unayo mkononi. Huhitaji chumba cha giza wala fundi wa kusafisha filamu.

Kati ya kamera zilizozaliwa na wazo hilo, inayonisumbua ni ID-2, ya kupigia picha za vitambulisho. Ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, na ilitumika Afrika Kusini enzi za ubaguzi kwa picha za pasi, kile kitabu ambacho Mwafrika asipokuwa nacho barabarani alikamatwa.

Wengi hukishika kitufe hicho kama ushahidi: kiliwekwa ili sura nyeusi zionekane vizuri kwa polisi. Hofu yao naielewa. Lakini filamu za rangi za miaka ile zilipimwa kwa ngozi nyeupe, na mtu mweusi mara nyingi alitoka kama kivuli chenye macho na meno. Flashi inayompa mtu huyo sura yake kamili ni haki aliyocheleweshewa. Kitufe hicho hicho, kwenye picha ya harusi, tungekishukuru.

Kwangu mimi ubaya ulikuwa kwenye kasi, na kwenye mkono uliokabidhiwa kasi hiyo. Caroline Hunter, mkemia, na Ken Williams, mpiga picha, wote waajiriwa weusi wa Polaroid, waliliona hilo mapema. Mwaka 1970 walibandika kazini tangazo lililosema Polaroid inawafunga watu weusi kwa sekunde 60. Dakika ile ile aliyoililia mtoto wa Land! Ofisi ya pasi haikuhitaji tena kungoja picha zisafishwe. Mtu alipigwa na kusajiliwa pale pale aliposimama.

Kampuni nayo ilikuwa na hoja. Januari 1971 ilitangaza kwamba haitaiuzia tena serikali ile, lakini itabaki nchini ili wakala wake awapandishie mishahara wafanyakazi weusi, na yenyewe ichangie elimu yao. Siwezi kulibeza hilo. Mshahara ulioongezeka ni chakula mezani, na kampuni ikifunga virago, wa kwanza kukosa kazi ni hao hao. Ila wakala aliendelea kuiuzia serikali kwa siri. Yalipofichuka mwaka 1977, Polaroid ilikata uhusiano na kuondoka.

Hunter alikuwa amekwisha fukuzwa kazi tangu Februari 1971, kwa kudai hicho hicho.