Laptopu ya Mwaloni Bado Inafanya Kazi

Jumamosi tulikaa Buzuruga, hapa Mwanza, watu kama saba na laptopu zetu, tukipitia orodha ya mabadiliko ya toleo jipya la Bash, programu inayopokea amri unazoandika na kuzitekeleza kwenye kompyuta. Tulipofika kwenye mistari ya marekebisho yanayoiwezesha kujengwa kwenye kompyuta na mifumo ya zamani, kijana mmoja akacheka. "Kaka, hivi nani bado anatumia hivi vitu? Hawa wanapoteza muda." Wenzake wakacheka naye. Neno hilo limenikaa rohoni mpaka leo.

Anayevitumia ni mimi. Pale Mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, kuna laptopu ya biti 32, aina ya zamani, niliyoinunua mtumba Mlango Mmoja, inatunza hesabu za kikundi cha akina mama wa dagaa. Asubuhi mama anataja jina na kilo, binti yake anaandika kwenye faili, jioni skripti yangu ya Bash, yaani faili la amri nilizoziandika, inajumlisha nani anadai kiasi gani. Unyevu wa ziwa unaipiga, umeme unakatika, vumbi la dagaa limejaa kwenye kibodi, na jioni hesabu zinatoka. Naambiwa ninunue mpya. Kwa pesa ya nani? Akina mama wale wanahesabu mpaka nauli ya bodaboda.

Wanaocheka wakumbuke Septemba 2014. Stéphane Chazelas aligundua kasoro iliyokuja kuitwa Shellshock, na ilikuwa imelala ndani ya Bash tangu 1989, miaka 25. Ukiandika kigeu cha mazingira (thamani ambayo programu hupewa inapoanza) kwa namna fulani, ukakibandika amri mkiani, Bash iliitekeleza amri hiyo mara tu inapoamka. Seva za tovuti zilizoiita Bash kwa nyuma zilikuwa wazi kwa mtu yeyote mwenye intaneti. Chet Ramey, anayeitunza Bash, angeweza kutoa kiraka, yaani marekebisho, cha toleo la 4.3 iliyokuwa mpya wakati ule, akatuambia wengine tuhame. Hakufanya hivyo. Vilitoka viraka vya 4.2, 4.1, 4.0, vya mfululizo wote wa 3, mpaka 2.05b ya mwaka 2002! Toleo la miaka kumi na miwili nyuma lilipata dawa ileile. Hapo ndipo ninaposimama mimi. Kurekebisha kasoro na kuzibeba mashine za zamani ni kazi moja, kwa sababu mwenye mashine ya zamani ndiye atakayebaki na kasoro hiyo muda mrefu kuliko wote, na hana fundi wa kumpigia simu usiku.

Sisemi kila sasisho ni baraka. Bash 5.2 ya mwaka 2022 iliipa alama ya & maana mpya: ukiiweka kwenye neno jipya unapobadilisha maneno, inarudisha lilelile neno ulilotaka kuliondoa. Skripti yangu ilikuwa inafupisha " na " kuwa &, ili "Bibi na Mjukuu" wasomeke kama jina moja. Baada ya sasisho "na" ikabaki pale pale, ikahesabiwa kuwa safu ya kilo, na awk, programu inayojumlisha safu, ikaisoma kama sifuri. Bibi yule alikuwa ameleta dagaa tangu alfajiri, na karatasi ikasema hakuleta kitu. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake. Mstari mmoja wa shopt, amri ya kubadili mipangilio ya Bash, uliizima tabia hiyo, lakini mabadiliko hayo yalikuwa yameandikwa wazi, na mimi sikuwa nimesoma. Siku hizi nasoma orodha yote kabla ya kugusa mashine.

Na nakubali, kwa shingo upande, kwamba wanaojitolea hawawezi kujaribu kila chuma duniani. Debian 13, toleo la mfumo wa kompyuta ninaoutumia, ilipotoka Agosti 2025 haikuwa tena na kisakinishi cha biti 32, na sababu zao nazielewa. Laptopu ya Mwaloni imebaki kwenye 12. Lakini kuacha kwa kukosa watu ni jambo moja, kumcheka aliyebaki ni jingine kabisa, hasa ukiwa mtoto wa Mwanza ambaye ada yako ililipwa na dagaa haohao.

Kijana aliyecheka nimemwomba aje Mwaloni Jumatatu, saa kumi na mbili asubuhi, akae kwenye kile kiti karibu na mizani aandike kilo mpaka foleni iishe. Amesema atakuja.