Nyama ya pua ambayo si nyama

Mtoto anakoroma, pua imeziba, na ukimulika ndani unaona uvimbe laini unaong'aa. Bukavu, kama kwingine kokote, mkono wenye haraka huona nyama ya kukata. Mara chache, chache kweli, uvimbe huo ni ubongo wenyewe, umeteremka kwenye tundu ambalo mtoto alizaliwa nalo katika mfupa wa sfenoidi, sakafuni mwa fuvu. Ukikatwa, maji ya ubongo yanavuja, na homa ya uti wa mgongo inapata mlango.

Lisilosemwa sana ni kwamba baadhi ya watoto hao wana moyamoya pia: mishipa mikubwa ya ubongo inaziba polepole, na vimishipa vinavyochipuka kuiokoa huonekana kwenye picha kama moshi. Suzuki na Takaku wa Japani waliupa ugonjwa jina hilo mwaka 1969.

Wasiotaka picha za mishipa ya ubongo zipigwe kabla ya upasuaji wana hoja. IRM, mashine ya sumaku inayopiga picha za ndani ya mwili, ni ghali, mama wa Kadutu, hapa Bukavu, ana watoto wengine nyumbani, na malaria haingoji. Tena wanauliza: ukishaijua moyamoya, nani atakufanyia upasuaji wa kuiunganisha mishipa hiyo?

Mimi nauliza kuhusu kilio. Mtoto wa moyamoya akilia sana anapumua mbiombio, kaboni dioksidi inapungua damuni, mishipa ya ubongo inabana. Mkono unalegea dakika chache, kisha unarudi. Nyumbani watasema anadeka, au (Mungu atuepushe) karogwa. Sasa mlaze huyo huyo kwa dawa ya usingizi, mashine impumulishe kasi kupita kiasi, presha ishuke: anaweza kuamka upande mmoja umepooza. Kulikinga hilo hakudai bingwa wa ng'ambo. Kunadai mtu wa usingizi aliyeonywa mapema, dripu, presha iliyochungwa, na mama aachwe karibu hadi mtoto asinzie.

Wala si kila pua iliyoziba ipelekwe IRM. Tazama kwanza macho yaliyoachana mno, kaakaa lililopasuka, na nyuma ya jicho, neva yenye umbo la ua lililochanua, ambayo Kindler aliieleza mwaka 1970. Daktari wa macho huiona kwa kifaa cha mkononi. Mtoto mwenye dalili hizo ndiye ninayemdaia picha, ya fuvu na ya mishipa pia, kabla ya mkasi.

Na gharama ya kumfundisha mtu wa usingizi haipotei: selimundu, iliyojaa kwetu, nayo huweza kuziba mishipa ya ubongo kwa namna hiyo hiyo.